Mjadala wa besiboli: Padres wa San Diego walifanya sawa kumtoa chipukizi De Vries ili wampate mrushaji Mason Miller?

MwanaBandari
Habari zenu wadau. Msimu wa 2025 umeisha, Cubs wametutoa kule Chicago mechi ya tatu ya mtoano, 3-1, na mimi bado naumia. Tarehe 31 Julai 2025 tulimchukua Mason Miller pamoja na JP Sears kutoka timu ya Athletics. Tukatoa chipukizi wanne: Leo De Vries, Braden Nett, Henry Baez na Eduarniel Nuñez. Hao watatu wengine sina neno nao. De Vries ndiye anayeniuma. Wakati ule alikuwa kijana wa miaka 18 kutoka Jamhuri ya Dominika, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, anapiga kushoto na kulia, klabu ilimsainisha kwa dola milioni 4.2. Miller anarusha maili 104 kwa saa, kama kilomita 167, sikatai. Lakini anaingia iningi moja, yaani zamu moja kati ya tisa za mechi, anatoka. Timu ina mechi 162 kwa msimu, mrushaji wa kumalizia anapata iningi 60 au 70 basi. Unamtoaje mtu wa kila siku kwa mtu wa dakika ishirini? Nasema tumepunjwa. Mnasemaje?

Kasarani254
Tumepunjwa wapi buda? Pale Wrigley, uwanja wa Cubs, Miller alitoa wapigaji 8 mfululizo kwa straiki tatu, mechi ya kwanza na ya pili ukijumlisha. Mechi ya pili ndiyo tuliyoshinda, 3-0. Chipukizi ni ahadi. Miller yuko mikononi mwa klabu hadi 2029. Hiyo si kukodi mtu wa miezi miwili vile Cubs walimfanya mrushaji Aroldis Chapman 2015.

Mzee_wa_ChulaVista
Ilikuwa 2016, kijana. Na walimtoa chipukizi Gleyber Torres, wakachukua ubingwa waliousubiri tangu 1908.

Kasarani254
Sawa mzee, 2016. Asante, umenisaidia hoja.

ShambaSacramento
Mimi ni Athletics tangu Oakland, nimewafuata hadi huku Sacramento. Nilimpenda Miller lakini nilifurahi alipoondoka. 2023 alikaa nje miezi minne, kano la kiwiko. Mkono wa maili 104 ni kamba ya kisima, inavuta ndoo kila siku lakini inasagika. Halafu yule ni mgonjwa wa sukari. Mnategemea mgonjwa awafikishe 2029? Sisi tumepata kijana mzima.

MamaWaWawili
Rudia hapo. "Mgonjwa awafikishe." Mimi besiboli naijua kwa sababu ya mwanangu tu, ana miaka 12, ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa na 7. Picha ya Miller iko ukutani kwake. Unajua kwa nini? Kwa sababu kocha mmoja wa mtaani, simtaji, alimweka benchi msimu mzima kwa maneno hayohayo yako. "Huyu mgonjwa, akianguka nitasema nini." Mtoto anakaa na glavu mkononi iningi sita, anarudi nyumbani hasemi kitu. Kwa hiyo wewe ndugu yangu chunga ulimi.

ShambaSacramento
Dada yangu, sikumtukana mwanao, hata simjui. Nimesema habari za biashara ya wachezaji. Klabu inapompima mchezaji inaangalia mwili wake, na kisukari kinachelewesha kidonda kupona, hilo kila mtu anajua. Mbona mnageuza kila kitu kuwa matusi?

MamaWaWawili
Kila mtu anajua! Sukari isiyodhibitiwa ndiyo inayochelewesha kidonda. Iliyodhibitiwa ni habari nyingine. Halafu hebu soma historia ya huyo uliyempenda. Miller aligunduliwa akiwa chuo, amekonda, mkono hauna nguvu. Alipoanza insulini mwili ukarudi na kasi ikapanda, 2021 Athletics hao hao wako wakamchagua raundi ya tatu ya uteuzi wa chipukizi. Hiyo maili 104 unayoiogopa imekuja baada ya dawa, si kabla. Umemshangilia 2024 yote, timu ikiwa bado Oakland, hukusema ni mgonjwa.

Lugazi2012
Mama, hongera kwa kumlea huyo kijana. Niongeze kidogo. Watu wetu wanadhani besiboli ni ya Wamarekani na Wadominika tu. Uganda ilipeleka watoto Williamsport, Marekani, kwenye kombe la dunia la besiboli ya watoto 2012. Na klabu ya Pirates ilimsainisha Mganda, David Matoma, 2023, naye ni mrushaji wa kasi. Kesho klabu fulani itamtoa huyo Matoma kwa kubadilishana na mtu, na sisi tutajadili kama tunavyomjadili De Vries, kama mbuzi wa mnadani. Hakuna aliyeuliza De Vries alilia au hakulia siku ile.

Kasarani254
Mbuzi wa mnadani halipwi milioni 4.2, bro.

Lugazi2012
Pesa haifuti neno langu. Miaka 18, anaamka asubuhi anaambiwa pakia begi. Wewe ukiwa na miaka 18 ulikuwa wapi?

Kasarani254
Nilikuwa nauza viatu Gikomba, na hakuna aliyenihurumia, na sikuomba kuhurumiwa. Ndiyo kazi aliyoichagua.

MwanaBandari
Jamani, naomba turudi. Swali lilikuwa kama Miller anastahili bei ile. Preller, meneja mkuu wetu, ana historia. 2022 alimleta Juan Soto akatoa MacKenzie Gore, CJ Abrams, James Wood na wengine. Soto yuko wapi leo? Si kwetu. Wood na Gore wote walichaguliwa mechi ya nyota 2025 wakiwa Washington.

Mzee_wa_ChulaVista
Kijana wangu, nimekaa mji huu tangu 1988, nikujibu. Juni 1993 tulimtoa Gary Sheffield, aliyekuwa bingwa wa wastani wa kupiga mwaka uliotangulia. Timu ya Marlins ikatupatia mrushaji kijana ambaye hakuna aliyemjua. Watu walimzomea, nami nilikuwa mmoja wao. Alikuwa Trevor Hoffman. Baadaye akaumia bega, kasi ikapotea, akajifunza kurusha mpira wa polepole uliokuwa unawakata miguu wapigaji. Alistaafu na mechi 601 alizozifunga kwa kulinda ushindi, zaidi ya 500 akiwa kwetu. Kengele za wimbo wake wa kuingia zikilia, uwanja mzima ulikuwa unasimama. Nasema hivi: mtu wa iningi moja aliubeba mji huu kuliko wengi wa iningi tisa. Na hiyo habari ya mkono kukatika, Chapman alirusha maili 105.1 hapahapa Petco Park Septemba 2010. 2025 alikuwa na miaka 37, yuko Boston, bado alikuwa anarusha na bado hawakumpiga.

ShambaSacramento
Chapman mmoja kati ya wangapi, mzee? Waliokatika hatuwahesabu kwa sababu tumeshawasahau. Na mimi bado nasubiri mtu anieleze ni mchezaji gani mkubwa wa zamani aliyecheza miaka mingi na kisukari aina ya kwanza. Mmoja.

Mzee_wa_ChulaVista
Ron Santo. Cubs, besi ya tatu. Aliificha klabu kwa miaka, akiogopa maneno kama yako. Alicheza miaka 15. Amefariki 2010, wakamwingiza Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli 2012. Hakuwa na mashine za kupima sukari walizonazo vijana wa leo, alijipima kwa jinsi mwili unavyojisikia.

ShambaSacramento
Hilo sikulijua. Nakubali. Mama, neno "mgonjwa" nalirudisha. La kiwiko silirudishi.

MamaWaWawili
La kiwiko gombaneni wenyewe. Nimekusikia, kaka, yameisha.

MwanaBandari
Kwa hiyo De Vries?

WaBukavu
Bandugu, mimi sijui De Vries. Nasoma tu toka mwanzo. Binti yangu ana miaka 9, wiki tatu zilizopita tumetoka hospitali, wametuambia ni hiyo hiyo aina ya kwanza. Anacheza mpira wa miguu. Tangu siku ile sijamruhusu kutoka nje, mke wangu anasema namfunga. Mama, wewe unafanya aje siku ya mechi? Mie naogopa sana.

MamaWaWawili
Pole sana baba. Wiki tatu ni mapema, nami wiki ya tatu nilikuwa silali, nasikiliza pumzi. Muulize daktari wake kwanza kiwango cha insulini siku ya mazoezi, maana mwili ukikimbia sukari inashuka. Sisi tunapima kabla, tunapima katikati, na mfukoni mwangu kuna juisi ndogo mbili na peremende, kocha ana nyingine. Kocha lazima ajue dalili: akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akiongea ovyo, anatoka uwanjani anakunywa juisi, hakuna kubishana. Insulini usiiache kwenye gari, joto linaiharibu. Na mwambie mke wako ana haki. Uko mji gani? Kama ni San Diego hapa, Jumamosi saa tatu asubuhi mwanangu anarusha, mlete binti amwone.

WaBukavu
Niko El Cajon, karibu na hapo. Tutakuja.