Gitaa la babu liko kwenye kaseti, ngoma zangu ziko kwenye kompyuta: nizipatanishe vipi?

MutotoWaKatuba
Jambo kwenu, wakubwa kwa wadogo. Babu yetu alipiga gitaa kavu, lisilo la umeme, Likasi na hapa Lubumbashi, kwa gumba na kidole cha shahada, kama wazee wa wakati ule. Ametuachia kaseti moja ya C-60, na nimeshaiingiza kwenye kompyuta. Ninataka kujenga wimbo juu yake: ngoma na besi za programu, na sauti ya dada yangu. Shida ni mbili. Nikiweka mapigo ya programu, mzee anayapita, halafu anabaki nyuma. Tena gitaa halikubaliani na kinanda: sauti yake haiko kwenye noti ya La wala ya La bemoli iliyo chini yake, iko katikati. Rafiki ananishauri nilikate vipande na kulivuta mpaka lishike mapigo. Nilipovuta kidogo tu, si babu tena ninayemsikia. Nifanyeje?

Fundi_Kamalondo
Leki, usikate kitu. Tuanze na deki, mashine ya kuchezea kaseti. Safisha kichwa cha kusomea kwa pamba na alkoholi ya famasia, kisha tazama skrubu ndogo yenye springi pembeni ya kichwa hicho. Hiyo ndiyo inaweka pembe ya kichwa. Kaseti ilirekodiwa na mashine nyingine, kwa pembe nyingine. Unganisha chaneli zote mbili ziwe moja, cheza kanda, uzungushe skrubu taratibu sana mpaka nyuzi nyembamba zing'ae. Sauti ya juu ikipotea hapo, programu haitairudisha vizuri. Ukimaliza, ingiza upya: WAV, biti 24, kwa tundu la laini, si la maikrofoni.

Sasa hiyo La. Sikiliza pale babu hajaanza kupiga. Kama kinasa kilichomekwa ukutani, huenda kuna mngurumo wa chini. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mngurumo uliingia kwenye kanda kwa 50 au 100. Programu ikisoma 52, kanda inakimbia kwa asilimia 4, karibu theluthi mbili za nusu toni, yaani za hatua ya kutoka La hadi La bemoli. Punguza faili nzima kwa kiasi hicho, mwendo na sauti pamoja. Ila simamisha kanda kwanza: mngurumo ukibaki, ni wa deki yako. Kama walirekodi kwa betri hutaukuta, na kama ni jenereta usiuamini.

YayaBesi
Fundi amesema vema. Niongeze njia ya kutofautisha kosa la mashine na mkono wa mzee. Kanda ikibadili mwendo, sauti nayo inapanda au kushuka. Mapigo yakikimbia huku sauti imetulia palepale, huyo ni babu mwenyewe anapiga, na hapo usiguse kabisa! Mapigo ndiyo yamfuate. Kwenye programu ya kurekodi kama Reaper, kwa mfano, unaweka alama kwa mkono kwenye pigo la kwanza la kila mzunguko. Mtindo huu unasaidia, maana gumba linashika besi na linasikika wazi. Programu itachora tempo inayobadilika, na ngoma zako zitapumua naye. Ni kazi ya jioni nzima, lakini inalipa. Gitaa likibaki bado kati ya La na La bemoli, shusha kinanda kilifuate. Wapiga gitaa wengi walikaza nyuzi kwa sikio lao.

Mama_Simulizi
Mwanangu, mimi nakuomba usifute mvumo wote wa kanda. Ukizidisha, gitaa linabaki kama liko ndani ya maji. Sammy Baloji, msanii wa picha wa hapa kwetu, alipochukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi na kuziweka juu ya picha zake za viwanda vilivyochakaa, hakuficha mshono, na nguvu ya kazi ile iko hapohapo. Wewe pia unaweza kuanza na kanda peke yake, kisha besi iingie. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, na gitaa lile linatosha lenyewe hadi sasa. Usilijazie ngoma kwa kuogopa ukimya.

MutotoWaKatuba
Aksanti sana, yaya, mama, na fundi. Mngurumo upo, unasoma 51, na kanda ikisimama unanyamaza. Nimeshusha asilimia 2, gitaa limekaribia La bemoli. Alama za mapigo nimeanza. Swali la mwisho: sauti ya dada ni safi mno karibu na gitaa. Niipitishe kwenye kaseti?

Fundi_Kamalondo
Inawezekana, ila fanya mstari mmoja mmoja, kwa sababu deki na kompyuta hazitembei sawa, na wimbo mzima utateleza. Mimi ningejaribu kwanza kumrekodi uani, maikrofoni moja, asimame mbali kidogo. Tena faili ghafi ya kanda, ile ambayo hujaigusa, weka nakala kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine. Fanya leo, kabla umeme haujakatika.