[Wanajumuiya] EAD (kadi ya kibali cha kazi) inaisha ijumaa, naweza kukaa benchi na timu bila kulipwa??

Mama Nuru (Kansas), jumatatu 12 Januari 2026, saa 5 usiku

Habarini ndugu zangu, heri ya mwaka kwa ambao sijawasalimia. Samahani kwa kuandika usiku, ndo tunashuka kwenye basi. Nina swali na naomba anayejua KWA UHAKIKA ndo anijibu, sio wale wa "nilisikia".

Wengi mnajua mimi ni kocha msaidizi wa kikapu wanawake kwenye koleji moja ya jamii huku magharibi. Nina EAD ya H-4, yaani viza ya mke wa mwenye H-1B, kategoria c26. Kadi inaisha ijumaa hii tarehe 16. Kazini kwa baba Nuru walipeleka extension ya H-1B yake (viza yake ya kazi) mwezi wa 11, I-539 yangu ya kuongeza muda wa kukaa na I-765 ya kadi mpya zikaenda humohumo, risiti ninazo. Leo HR wameniita, ijumaa jioni nikabidhi funguo za jimu na za vani, nisionekane kazini mpaka kadi mpya ije. Nikasema mbona yule mpishi wa kafeteria mwaka juzi mlimwongezea kwa risiti tu, wakasema hiyo imefutwa.

Sasa jumamosi tuna gemu nyumbani. Naweza kukaa benchi BILA MALIPO, kama volontia? Kocha mkuu haoni tatizo, ila yeye hata I-9, ile fomu ya mwajiri kuhakiki kibali cha kazi, hajui ni nini.

Mjue staff nzima tuko wanne. Kocha mkuu, anayefundisha pia darasa la mazoezi na ndo dereva wa vani, mimi, treina mmoja wa kugawana na timu zote za koleji, na mama wa maktaba anayekaa mezani kuandika takwimu. Kwenye karatasi naitwa kocha msaidizi, kwa vitendo nafua jezi, nakata video za wapinzani mpaka saa 8 usiku, nawapigia simu wazazi, na nafuatilia nani amekacha darasa maana akishuka chini ya kredit 12 hachezi. Treina akiwa kwa watu wa mieleka mimi ndo nafunga tepu. Kuna binti mmoja kifundo cha kushoto kiligeuka Novemba, tepu yake lazima ianzie upande wa ndani, ipite chini ya kisigino, uivute kwenda juu nje, ukilegeza kidogo tu anaibandua haftaimu anacheza hivyohivyo. Nani atamfunga jumamosi?

Baba Kevo (Minnesota), saa 5:40 usiku

Pole sana dada. Usitishike na HR, hao hawajui sheria. Kuna nyongeza ya siku 540 baada ya kadi kuisha, ukiwa na risiti unaendelea kufanya kazi kama kawaida, printi ile page ya uhamiaji uwawekee mezani. Ama ongea na DSO wa koleji, wale maafisa wa wanafunzi wa kigeni, hao ndio wanajua.

Btw binti yangu alicheza JUCO, hizi koleji za miaka miwili, full ride, D2 (daraja la pili), hakuna kitu nililipa. Watu hudharau hizi koleji ndogo lakini Sheryl Swoopes alianzia South Plains huko Levelland Texas, mchezaji bora wa JUCO 1991, halafu 1993 akiwa Texas Tech akafunga pointi 47 kwenye fainali. 47!!

Mzee wa Tulsa, jumanne 13 Januari, saa 12 asubuhi

Baba Kevo, kabla hujamshauri mtu soma tarehe. Siku 540 zimefutwa kwa maombi ya kurenew yaliyopelekwa kuanzia 30 Oktoba 2025. Za kwake zimeenda Novemba. HR wako sahihi, na wakimwacha afanye kazi jumamosi matatizo ni ya koleji na ya kwake vilevile.

Pili, hata zingekuwepo, kwa H-4 zilikuwa zinaishia tarehe ya I-94, ile rekodi ya mwisho wa ruhusa ya kukaa. Yule mpishi ni kategoria nyingine kabisa, c08 au c09, wa hifadhi au green card, msilinganishe. Tatu, DSO ni wa wanafunzi wa viza ya F-1, huyu si mwanafunzi. Nne, D2 ya NJCAA, chama cha michezo cha hizi koleji, hailipi chumba wala chakula, ni ada na vitabu tu. Full ride ni D1, na D3 hakuna skolashipu ya michezo hata senti. Kwa hiyo ama ilikuwa D1 ama chumba ulilipa wewe.

Mama Nuru, I-94 yako inaisha lini? Na I-140 ya mumeo, ombi la mwajiri wake kwa ajili ya green card, ilishapita?

Baba Kevo (Minnesota), saa 2 asubuhi

Mzee chumba nililipa sawa, na chakula. Lakini nilikuwa najaribu kusaidia, si lazima unikate kama kitunguu mbele ya watu.

Anko wa Fresno, saa 4 asubuhi

Nyongeza: huku California koleji za jamii haziko NJCAA, ziko 3C2A, chama chao wenyewe, na skolashipu ya michezo hakuna kabisa, hivyo wazazi msije mkauza shamba. Ingawa hiyo NJCAA yenyewe ilianzia hapa Fresno 1938, maajabu.

Kuhusu volontia mimi naona inawezekana, hapa kanisani mama mmoja alikaa bila kadi miezi mingi na alikuwa anafundisha sunday school.

Mzee wa Tulsa, saa 4:10

Sunday school haina mshahara, Anko. Kiti cha Mama Nuru kina mshahara. Kazi uliyokuwa unalipwa jana ukiifanya leo bure wanahesabu bado ni kazi. Halafu koleji ya umma ina sheria zake za volontia juu ya za uhamiaji. Sisemi haiwezekani moja kwa moja, nasema msimwambie mtu "inawezekana" kwa mfano wa kanisa.

Binti Makande (Houston), saa 7 mchana

Da Mama Nuru pole mwaya. Mimi la sheria siliwezi ila nimesoma hiyo habari ya tepu nikalia hapa kazini. Mimi nimekulia Mombasa, jioni tukienda jimu ya Makande kuwatazama dada wa KPA, timu ya bandari, kulikuwa na mama mmoja hatukumjua jina, kazi yake kubeba maji na kukunja taulo, na refa akikosea yeye ndiye wa kwanza kusimama! Sote twamuogopa kuliko kocha. Ukitoka hapo viazi karai kwa ukwaju, mikono yanuka mpira. Hapa Houston nimeenda gemu moja tiketi na parking nikajuta, nacho chakula ni mahindi yaliyomwagiwa jibini.

Kaka wa Upanga (Maryland), saa 9 alasiri

Umenikumbusha uwanja wa Don Bosco kule Dar jamani, jua la saa 10 lile uwanja unawaka, ukidondoka goti linabaki kwenye sakafu. Siku hizi watoto wana pale Kidongo Chekundu, pazuri, hawajui shida.

Mama Nuru, yule binti wa Dar uliyesema unamletea skolashipu imefikia wapi?

Mama Nuru (Kansas), saa 12 jioni

Mzee shikamoo, asante kwa tarehe hata kama inauma. I-140 ilipita. Na hiyo tarehe 30 Oktoba ndo inaniua, kwa sababu makaratasi yangu nilikuwa nayo mkononi tangu wiki ya tatu ya Oktoba, kulibaki mimi kusaini na kumtumia wakili wa baba Nuru. Tarehe 29 uchaguzi nyumbani, intaneti ikazimwa, mama yangu yuko Mbagala peke yake na presha, siku zote zile simpati, mimi ni kushika simu tu mchana na usiku. Bahasha ilikaa juu ya friji. Nilikuja kuiona mtandao umerudi.

Kaka, yule binti hakuja. Tanzania imeingia kwenye orodha ya vizuizi vya viza vya Marekani kuanzia tarehe 1 mwezi huu, F-1 imo. Jezi yake namba 14 ipo ofisini bado kwenye nailoni.

Kaka wa Upanga (Maryland), saa 12:30 jioni

Unaona sasa! Watu wamezima mtandao huko mtu anapoteza kazi Kansas. Na bado kuna watu humu mlikuwa mnatetea, nina screenshot zote, mnajijua.

Anko wa Fresno, saa 1 usiku

Anayejijua atajwe basi. Na wewe ulipiga kura lini mara ya mwisho? Uko Maryland tangu Mkapa.

Baba Kevo (Minnesota), saa 1:20 usiku

Sisi Kenya 2024 tuliingia barabarani juu ya Finance Bill na ikarudishwa. Nawaachia hapo.

Msimamizi, saa 2 usiku

Jamani. Siasa kuna listi nyingine, mnaijua. Hapa turudi kwenye EAD. Kaka na Anko malizaneni kwa simu.

Mama Pacha (Iowa), jumatano 14 Januari, saa 11 alfajiri

Mimi natoka shifti ndo naona. Mama Nuru nisikilize mimi yalinikuta, nyumba ya wazee niliyokuwa nafanya kazi, kadi ilichelewa wiki 11. USIANDIKE barua ya kuacha kazi hata wakikuletea fomu. Omba likizo isiyo na malipo kwa maandishi, mpaka kadi ije. Ukiacha kazi nafasi inatangazwa upya, wewe na kadi yako mpya unaanza kuomba kama mtu wa barabarani. Ukiwa likizo unarudi na kadi, wanajaza upya sehemu ya mwisho ya I-9, basi. Uliza na bima ya afya inakuwaje, mimi sikuuliza nikaletewa bili ya meno ya pacha mmoja.

La benchi sijui.

Mama Nuru (Kansas), jumapili 18 Januari, saa 3 usiku

Asanteni wote. Likizo nimeomba, wamekubali mpaka mwisho wa Machi bila malipo, Mama Pacha Mungu akubariki, ile fomu ya kuacha kazi kweli walikuwa nayo kwenye faili. Funguo nimerudisha.

La benchi hakuna aliyenijibu ila nilishaamua mwenyewe, jana nimekata tiketi nikakaa jukwaani safu ya tatu na Nuru. Na hata huko nilikuwa sijui nikishangilia kwa maelekezo ni kazi au sio kazi, maana mdomo unataka kusema "rudini nyuma" nakumbuka I-9 nanyamaza, Nuru ananiangalia. Treina alikuwa kwa mieleka. Kumfunga yule binti wangu wa kifundo alijaribu kocha mkuu mwenyewe, mwanaume wa miaka 60, nikiwa juu naona kabisa anaanzia nje. Haftaimu binti akapita chini ya jukwaa na ile tepu imejiviringisha mkononi kama mpira wa makaratasi, akaninyooshea juu nione. Nikamwonyesha kwa kidole kwenye mguu wangu mwenyewe, ndani, chini, juu. Tumefungwa kwa pointi sita.

Mzee wa Tulsa, saa 3:15 usiku

Pole mwanangu, umefanya vizuri kukaa jukwaani. Lakini I-94 bado hujasema inaisha lini.