Begi la kujifungulia kwa anayetoka Makete kwenda Mbeya mwezi wa Julai: kipi kibebwe na kipi kiachwe?

Mjamzito wa Makete

Ndugu zangu, habari za wakati huu, na shikamooni mlionizidi umri. Ninaishi Makete, mimba yangu ni ya kwanza, na makadirio ya kliniki yanaonyesha kwamba nitajifungua katikati ya Julai. Kwa kuwa presha yangu imekuwa ikipanda katika miezi hii ya mwisho, mhudumu ameniandikia rufaa ya kwenda kujifungulia hospitali kubwa, nasi tumeamua kwamba nishuke Mbeya mwishoni mwa Juni, nikae kwa wifi yangu asiye mbali na Kitengo cha Wazazi Meta mpaka siku itakapofika.

Kinachonisumbua ni mzigo. Mama mkwe ameshanijazia shangazi kaja nzima: vitenge, beseni, mablanketi mawili mazito, unga wa ulezi na chupa ya mafuta ya kumpaka mtoto, na bado anasema havijatosha. Wifi naye anasema nije mikono mitupu, kwani Mbeya kila kitu kinauzwa. Nilipotafuta kwenye simu nilikutana na orodha za nchi za mbali zenye kiti cha mtoto cha kwenye gari na mto wa kunyonyeshea, vitu ambavyo sijui ningeviweka wapi wodini. Julai ya huku kwetu mnaijua, umande huganda juu ya majani, na hata Mbeya baridi yake si ya kuchezea. Naomba waliopita njia hii waniambie kipi hakikosekani, vinapangwaje, na kama ni lazima ninunue glovu na pamba ilhali nasikia huduma ya uzazi ni bure.

Mkunga, Iringa

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na mpangilio, kwa sababu orodha yako si mbaya, ila ile shangazi kaja ndiyo itakayokutesa. Begi la kujifungulia halifunguliwi na mwenye begi. Wewe utakuwa kwenye uchungu, na mkono utakaoingia humo ni wa muuguzi au wa wifi yako, saa nane za usiku, akitafuta kitenge huku akikutana na unga wa ulezi. Kwa hiyo panga vitu kwa kufuata saa vitakapohitajika, kila fungu katika mfuko wake ndani ya begi la wastani lenye zipu nzima: fungu la leba juu kabisa, la wodini chini yake, na la kurudia nyumbani abaki nalo wifi.

Fungu la leba ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Weka vitenge au khanga nne, laini, zilizofuliwa, na za zamani, kwa maana kitenge kipya chenye wanga hakinyonyi maji. Kimoja utatandika, kimoja utajifunika, na viwili ni vya mtoto, tena hivi viwili ndivyo ninavyowasisitizia wazazi wote. Mtoto huzaliwa akiwa amelowa, na maji yale yanapokauka juu ya ngozi yake yanaondoka na joto la mwili wake haraka sana. Kitenge cha kwanza humpangusa kichwa, mgongo na viungo, nacho kikishalowa huwekwa pembeni. Cha pili, kikavu, humfunika akiwa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, kichwani akiwa na kofia. Nimeona watoto wamefungwa vizuri kwa kile kile kitenge kilicholowa, blanketi zito likawekwa juu yake, na watu wakashangaa miguu yao inakuwaje ya baridi. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na katika mwezi wa Julai kuna kazi ya kulilinda. Kofia na soksi za mtoto zikae katika fungu hili hili, zisichanganywe na nguo nyingine.

Kuhusu glovu na pamba, sera ya nchi ni kwamba huduma za uzazi katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo, lakini sote tunajua kwamba vifaa huisha, na mzazi akaambiwa aje na mpira wa kutandika, pamba, glovu, vibana kitovu na wembe mpya. Usinunue kwa kubahatisha. Ukifika Mbeya nenda kliniki ya huko mapema, ujiandikishe na kuuliza wanachotaka uje nacho wiki hiyo. Vile watakavyokutajia vibaki kwenye vifungashio vyake mpaka muuguzi avifungue mwenyewe.

Wodini utahitaji pedi kubwa za wazazi au vitambaa safi vya pamba vya kutosha, nguo za ndani pana za rangi nyeusi, magauni mawili yenye vifungo kifuani, sweta la kufunguka mbele, ndala, taulo, sabuni ya kipande, mswaki, beseni la wastani na ndoo ndogo. Beseni la mama mkwe, kama ni lile la kufulia nguo za nyumba nzima, libaki. Tarajia kukaa angalau saa 24 baada ya kujifungua salama, na kwa presha yako huenda wakakuweka zaidi, hivyo usihesabu nguo za usiku mmoja. Mtoto naye hana haja ya kuogeshwa siku hiyo ya kwanza, kwa hiyo sabuni ya mtoto, poda na chupa ile ya mafuta havina kazi wodini. Kitovu hakipakwi kitu, si mafuta wala majivu. Chupa ya kunyonyea na maziwa ya kopo pia acha, kwani yale maziwa ya kwanza ya njano, ambayo wengine huyakamua na kuyamwaga, ndiyo anayoyahitaji ndani ya saa ya kwanza.

Ondoa rangi ya kucha na kucha za bandia kabla hujasafiri. Muuguzi huangalia kucha, na kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima hewa ya damu husumbuliwa na rangi.

Mama wa Watatu, Tukuyu

Dada yangu, mkunga amemaliza mengi, nami naongeza jambo la nguo za mtoto kwa sababu umesema mama mkwe ndiye aliyefungasha. Nguo nyingi za kurithi hutoka kwenye sanduku lililowekwa vidonge vya nondo, yaani naftalini, na zikifunguliwa hunukia mpaka sebuleni. Usimvalishe mtoto mchanga nguo hizo zikiwa zimetoka sandukuni. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu uitwao G6PD, ambao hauonekani kwa macho, na kwao naftalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kuleta manjano makali. Zifue zaidi ya mara moja, mablanketi yakiwemo, uzianike nje juani na kwenye upepo, na ile ambayo bado inanukia baada ya hapo usiibebe. Nguo za mtumba nazo zifuliwe na kupigwa pasi hata kama muuzaji ameapa kuwa ni za daraja la kwanza.

Mablanketi mawili mazito ni mengi. Chukua moja jepesi la mtoto na moja la kwako, kisha uongeze fulana za pamba zenye mikono mirefu, kwa sababu nguo tatu nyepesi zilizopandana humtunzia mtoto joto vizuri, nawe utaweza kupunguza moja mchana jua likiwaka. Kofia ya sufu iliyofumwa kwa mkono ni nzuri na bibi atafurahi kuiona, ila tanguliza kofia ya pamba ndani yake, vinginevyo inawasha. Utatumia zaidi nepi za kitambaa na vifungo vyake kuliko vile vigauni vyenye maua ambavyo sisi wote tulinunua. Andika jina lako kwa kalamu isiyofutika kwenye beseni, ndoo na chupa ya chai. Wodi ya wazazi ina mabeseni ya bluu mengi mno.

Jambo la mwisho halihusu begi lakini linahusu baridi: mkifika nyumbani, wifi asije akaingiza jiko la mkaa chumbani ili kuwapasha joto. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini, na huku nyanda za juu tunazika watu kwa ajili hiyo.

Baba wa Mafinga

Shemeji, mimi nazungumzia yanayomhusu mumeo. Kwanza, kadi ya kliniki isiingie kwenye begi kabisa. Ile kadi ina kundi lako la damu, wingi wa damu, majibu ya vipimo vyote na mwenendo wa presha tangu mwanzo, na begi likishapandishwa kwenye buti la basi, huna uhakika wa kulifikia njiani. Kadi, kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima kama mnayo, barua ya rufaa na dawa zako za presha vikae kwenye mkoba wa begani ambao hautoki mapajani mwako.

Pili, katika mpango wa kujifungua wanaotufundisha kliniki, kuna vitu ambavyo haviwekwi kwenye begi lolote navyo ndivyo husahaulika: watu wawili wenye afya walio tayari kuchangia damu, nauli ya dharura iliyotengwa kwenye simu bila kuguswa, namba ya dereva mmoja ambaye mmeshakubaliana naye hata kama ni usiku, na mtu atakayekaa nawe leba. Mahali pengi mwanaume haruhusiwi kuingia kwa sababu vitanda viko karibu na wazazi wengine wanahitaji stara, hivyo wifi ajiandae kwa kazi hiyo, naye aletwe aone begi limepangwaje kabla ya siku yenyewe. Hali ikiwa ya dharura, namba 115 ya mfumo wa m-mama hupigwa bila malipo kwa ajili ya usafiri wa mama na mtoto mchanga kwenda hospitali. Iandikeni ukutani.

Chaja pia, na kama mnaweza, betri ya akiba.

Mjamzito wa Makete

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeshaanza kufua. Naomba niongeze maswali mawili. Mama mkwe ameweka ndani ya begi kifurushi cha mizizi, akaniambia ninywe nikianza kusikia uchungu ili mtoto ashuke haraka, na sitaki kumvunjia heshima. Vilevile, daktari aliwahi kugusia kwamba huenda nikafanyiwa upasuaji. Je, begi litabadilika?

Mkunga, Iringa

Mizizi hiyo usiinywe, mwanangu. Baadhi ya dawa hizo hukaza kizazi kwa nguvu ambayo hakuna anayeipima, mtoto akakosa hewa tumboni au kizazi kikapasuka, na mtu wa presha hana nafasi ya kujaribu. Mama mkwe anakupenda na anafanya alilofanyiwa. Mpokelee kwa mikono miwili, umshukuru, kisha mumeo akae na mama yake amweleze kuwa hospitali imekataza kitu chochote kisichotoka kwao. Neno la hospitali likipitia kwa mwanawe halitakuletea kisirani. Unga wa ulezi mwambie umeupokea na utaufanyia kazi, maana huo kweli utauhitaji: wifi atapika uji na kuuleta kwenye chupa ya chai, pamoja na chai yenye sukari. Mzazi asiye na matatizo anaruhusiwa kula na kunywa akiwa kwenye uchungu, lakini wewe uulize kwanza, kwa sababu ya hilo suala la upasuaji.

Upasuaji haubadilishi begi sana. Ongeza siku za nguo, chagua nguo za ndani zinazopanda mpaka juu ya kitovu ili mkanda wake usikae juu ya mshono, na gauni liwe pana. Ndala ziwe zisizoteleza, kwa sababu watakuinua utembee mapema na hatua za kwanza ni za kushikilia ukuta. Mapambo yote, hereni, pete na bangili, yaache Makete.

Na kwa kuwa una presha: kichwa kikikuuma sana, ukaona maluweluwe, ukapata maumivu makali chini ya mbavu, au uso na mikono ikavimba ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo bila kutafuta begi. Ni hivyo hivyo damu ikitoka, au chupa ya uzazi ikipasuka hata kama huna uchungu. Begi litaletwa na atakayefuata. Dalili hizo za presha huweza kuja hata baada ya kujifungua, kwa hiyo dawa zako zisirudi Makete na mtu mwingine, na usiharakishe kuomba ruhusa ya kutoka.

Mkazi wa Mwanjelwa

Karibu Mbeya, dada. Wifi yako yuko sahihi kwa nusu. Ndoo, beseni, ndala, pedi, sabuni na nepi usivibebe kwenye basi, kwani Mwanjelwa utavipata vyote kwa asubuhi moja, na mitumba ya watoto ni mingi ya kuchagua. Vitenge laini vya zamani ndivyo visivyouzwa, hivyo hivyo vya mama mkwe vije. Njoo navyo, pamoja na sweta lako, nguo za mtoto ulizokwisha kufua, na mkoba wa kadi. Vingine mnunue mapema katika wiki yako ya kwanza mjini, begi lipangwe likamilike, liwekwe karibu na mlango mara moja, kwa sababu tarehe ya makadirio ni wachache wanaojifungua siku hiyo hiyo. Mumeo atakapopanda kukufuata, basi za Makete wakati mwingine hujaa mapema, kwa hiyo akate tiketi siku moja kabla. Majina kamili ya wazazi wote wawili yaandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na kadi, yakifuata herufi zile zile zilizo kwenye vitambulisho, kwa maana tangazo la kizazi, ile karatasi ya kuombea cheti cha kuzaliwa, litajazwa kutokana na mtakachosema hapo wodini, na kusahihisha herufi moja baadaye ni safari nyingine.