Uliyewahi kuchoma dhahabu kwa zebaki ilikuachia nini? Tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Nimekaa mwaloni (pale tunaposaga na kuosha mawe ya dhahabu) miaka tisa, mwaka jana nikaacha kuchoma. Naanza mimi, nanyi mmwage ya kwenu, uwe mchimbaji, mponda mawe au jirani wa maduara (mashimo ya kuchimbia).

Nilikuwa nachomea nyumbani kwa kuogopa kuibiwa. Watoto wakishakula nachukua kikaango naweka lile donge la dhahabu na zebaki (zebaki ndo inanasa dhahabu, ukiichoma inatoka dhahabu inabaki), moto chini, dirisha nafunga watu wasione, na kwa vile hakuna harufu wala kikohozi unajiona uko salama. Siku moja namulika tochi juu nakuta chini ya bati vitone vinametameta kama shanga za fedha, usawa wa kitanda cha mtoto! Kumbe ile kitu ikifika nyuzi 357 inakuwa mvuke, ikikutana na bati la baridi inarudi matone. Baadaye mikono ikaanza kutetemeka, chai namwagia kwenye sahani, hasira za bure, wife akadhani nimeanza kunywa pombe kwa siri. Nimetibiwa malaria mara mbili mpaka daktari mmoja akaniuliza unafanya kazi gani, ndo akapima mkojo kutafuta zebaki.

---

Pole sana kaka. Mimi nilikuwa naponda mawe mtoto mgongoni, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, nikirudi nanyonyesha na nguo zilezile. Nilikuja kustuka niliposikia ya Zamfara kule Nigeria mwaka 2010, mawe yao yalikuwa na risasi (madini ya risasi jamani sio ya bunduki), watu wakasagia majumbani, watoto zaidi ya 400 wakafa. Siku hizi naponda mbali na nyumbani, jiwe nalimwagia maji kwanza, nguo za kazi haziingii ndani.

---

Vumbi ndo limenimaliza mimi. Kudrili mwamba mkavu chini huko, kitambaa mdomoni eti ndo kinga. Nikapewa dawa za TB nikamaliza dozi, kifua kikabaki vilevile, kupanda kilima kidogo napumzika mara tatu. Picha ikaonyesha mapafu yana makovu ya vumbi la mwamba, na hayo hayaponi, na ukiwa nayo TB inakupata kirahisi. Vijana msidanganyane na maziwa, maziwa hayaoshi mapafu.

---

Mnaongelea afya tu, hela je? Zebaki nilikuwa napewa na broka "bure", ila dhahabu lazima nimuuzie yeye kwa bei yake. Akiichoma tena dukani kwake uzito unashuka, unakatwa. Halafu zebaki inakamata dhahabu kiasi tu, nyingine inabaki kwenye marudio (mchanga unaobaki baada ya kuosha), na marudio ni ya mwenye mwalo, yeye anakuja kuyapiga sianidi (kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu) anavuna kuliko mimi niliyechimba! Na marudio yenye zebaki ukiyapiga sianidi ndo unaifungulia zebaki njia ya kwenda mtoni. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unataka nchi zikomeshe mchezo huo bila kwanza kuitoa zebaki, ila nani kamwambia mwenye mwalo wetu.

---

Mimi natumia ritoti. Ni chombo cha chuma chenye mfuniko, mvuke unapita kwenye bomba unapoozwa na maji, zebaki unaikinga upya. Shida haikuwa chombo, shida wenzangu hawaoni dhahabu ikiwa ndani wakasema nawaibia. Tukakubaliana tunapima wote kabla, tunafungua wote, ila mpaka ipoe kabisa, jamaa mmoja alikuwa na haraka akafungua ya moto akavuta mvuke wote. Nasikia Benguet kule Ufilipino wanatumia boraksi (unga kama chumvi unaosaidia kuyeyusha dhahabu) bila zebaki kabisa, aliyejaribu aje atueleze, mana nijuavyo lazima uoshe vizuri sana kwanza ubaki na mchanga mzito tu.

---

Mimi sio mchimbaji, nina shamba jirani. Waliondoka wakaacha mashimo wazi, mbuzi wangu wawili wamezama humo, mvua ikinyesha ni mbu tu. Hakuna aliyerudi kufukia.

---

Mleta uzi swali, kile kikaango ulikipeleka wapi?

---

Mkuu swali zuri. Wife alikuwa anataka kukisugua kwa majivu akaangie mayai. Nilikitoboa msumari matundu matatu katikati, ndo akaamini sitanii.