Tezi nilishatolewa, sasa hizi kingamwili za Graves zinamtafuta nani?

Wiki_ya_19:
Habari za jioni wapendwa. Nilitolewa tezi yote ya shingo mwaka 2019 kwa ugonjwa wa Graves, ule wa tezi kufanya kazi kupita kiasi. Tangu hapo nameza levothairoksini, dawa ya kuziba pengo la homoni ya tezi, kila alfajiri kabla ya chai, TSH (homoni inayoiamrisha tezi) iko sawa, na kliniki naambiwa nimeshapona. Lakini jicho la kushoto halijarudi. Usiku halifungi vizuri, naamka linakereketa kama lina mchanga.

Sasa nina mimba ya wiki 19. Juzi nikakutana na daktari mgeni, akatazama kovu la shingoni, akatazama jicho, akaandika kipimo cha TRAb, yaani cha kingamwili za Graves. "Ni kwa ajili ya mtoto," akasema. Kipimo ni ghali na sampuli inasafirishwa mbali. Mume wangu anauliza, na ana haki: tezi haipo, tunapima nini? Mwenye uzoefu naomba anisaidie.

Mama_Wawili:
Hongera dada, na pole kwa jicho. Pimeni. Nakuandikia kirefu kwa sababu mimi nilijibiwa kwa mkato, nusura mwanangu aponzeke.

Graves haianzi kwenye tezi, inaanza kwenye kinga ya mwili. Kinga inatengeneza kingamwili zinazoshika kipokezi cha TSH na kuiamrisha tezi ifanye kazi bila kupumzika. Ulichotolewa ni tezi. Seli zinazotengeneza kingamwili hizo umebaki nazo. Kwa wengi zinapungua taratibu baada ya upasuaji, wengine wanakaa nazo miaka.

Na kipokezi hicho hakiko kwenye tezi peke yake. Kipo pia kwenye seli za mafuta na nyama laini nyuma ya jicho. Zikichokozwa, mafuta na misuli huvimba, na kwa kuwa tundu la jicho limezungukwa na mfupa, jicho husukumwa mbele. Wachache huvimba hata ngozi ya kwenye muundi, inakuwa kama ganda la chungwa. Jicho lako huenda si kovu tu la ugonjwa wa zamani. Moshi wa sigara hulizidisha, na siku ukiona rangi zinafifia usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Sasa mtoto. Kondo la nyuma hupitisha kingamwili za mama, ndizo zinazomkinga mtoto miezi ya mwanzo. Za Graves hupita njia hiyo hiyo. Wewe huna tezi, yeye anayo, na kuanzia nusu ya pili ya mimba inaweza kuziitikia.

Yangu ilikuwa 2021, wiki ya 29. Mkunga alisikiliza mapigo ya mtoto: 178. Akahesabu tena kimya, akaenda kumwita mwenzake. Yanatakiwa yawe 110 hadi 160. Nikaandikiwa karbimazoli, na dirishani mfamasia akanirudishia karatasi: "Mama, wewe huna tezi, hii ya nini?" Ilikuwa ya mtoto. Karbimazoli inavuka kondo kwenda kutuliza tezi yake, na levothairoksini naendelea nayo kwa ajili yangu. Baada ya wiki mbili mapigo yalikuwa 148.

Alipozaliwa alionekana mzima. Siku ya sita ananyonya kutwa nzima na uzito unashuka, moyo unauona unadunda kati ya mbavu. Dawa aliyoipata kwangu ilikuwa imemwishia, kingamwili bado anazo. Akatibiwa hadi mwezi wa tatu, zikaisha zenyewe. Sasa yuko chekechea.

Waambie mapema watakaokuzalisha, mtoto apimwe na afuatiliwe hata baada ya kurudi nyumbani.

Maabara_Zamu_ya_Usiku:
Naongezea la maabara. Wengi hutuletea majibu ya Anti-TPO, kingamwili nyingine ya tezi, wakidhani ndiyo TRAb. Anti-TPO inaonyesha kinga inaishambulia tezi, haiwezi kuisukuma tezi ya mtoto. Majibu ya TRAb yakitoka, linganisha na kiwango cha juu kilichoandikwa pembeni. Yakizidi mara tatu, mimba inahitaji kuangaliwa kwa karibu sana.

Halafu, kuna vidonge vya nywele na kucha unavyotumia? Biotini iliyomo, ambayo ni vitamini, inaweza kuharibu vipimo hivi kwenye baadhi ya mashine: TRAb inasoma juu kuliko ilivyo, TSH inasoma chini.

Wiki_ya_19:
Nimeinuka kwenda kuangalia kopo. Biotini, mikrogramu 5,000. Nimekuwa nameza tangu Januari, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kumbe hata ile TSH "iko sawa" huenda haikuwa sawa?

Maabara_Zamu_ya_Usiku:
Inawezekana. Acha leo, kaa siku tatu, halafu watoe damu ya vyote viwili, TSH na TRAb. Levothairoksini usiiache hata siku moja.

Wiki_ya_19:
Itakuwa Ijumaa asubuhi. Mama_Wawili, nimemsomea mume wangu ile sehemu ya 178. Hajasema kitu, ametoa simu akaanza kupiga hesabu ya nauli.