Ada ya taka Mbeya: watu walipe bila kukimbizana na mgambo?

Mtaa_Uyole: Wakuu, mtaa una kaya nyingi zinazokwepa ada ya taka, halafu mvua za Novemba zikianza mitaro inaziba. Faini zimetangazwa, hazisaidii. Kifanyike nini?

Mchumi_Mwanjelwa: Anza na gari, si faini. Siku ya kupita iwe moja, ijulikane, na gari lipige honi. Likiruka wiki mbili tu, taka zinarudi mtaroni na hakuna atakayelipa. Kisha malipo: namba ya malipo ifike kwa SMS siku chache baada ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa bado ipo. Mkusanyaji asishike fedha taslimu.

Uingereza walibadili barua za kodi kwa kuandika kwamba watu 9 kati ya 10 hulipa kwa wakati, na malipo yakapanda. Ila msiige kama kwenu wengi hawalipi. Ni uongo, na watu wanajuana! Tangazo la "wengi hawalipi" nalo ni baya zaidi, linampa mkwepaji wenzake.

Afya_Iringa: Faini ina kazi yake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019 na ikapotea madukani haraka, kwa sababu waliobanwa ni wazalishaji na wauzaji pia, na mbadala ulikuwepo. Kwenye taka mbadala ni kizimba cha karibu, yaani sehemu ya kukusanyia taka. Kikiwa mbali, mtoto anayetumwa na ndoo ataishia mtaroni.

Mtaa_Uyole: Na mapato, tuyabandike ofisini?

Mchumi_Mwanjelwa: Ndiyo, kila mwezi, pamoja na matumizi. Majina ya wadaiwa msibandike, mtazua ugomvi na mwenyekiti.