Naomba ushauri: kung'oa visiki vya mikaratusi kwa ekskaveta, Misungwi

Habari za leo wakuu. Nina kiwanja cha ekari moja na nusu upande wa Misungwi, mkoani Mwanza. Mwaka jana niliuza mikaratusi yote kwa watu wa nguzo na mbao, wakaniachia visiki kama 40, vingine unene wa pipa. Nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe karatusi ukiukata ndio kwanza unachipua! Mvua mbili tu, kila kisiki kina machipukizi yananifika kifuani.

Vijana wa shoka na sururu walijaribu. Siku tatu, visiki viwili, wakadai hela ya maji na kuondoka.

Sasa nimepata mwenye ekskaveta, ule mtambo wa mkono wa kuchimbia. Anatoza kwa saa, mafuta juu yangu, na gharama ya lori la kuubeba mtambo kutoka mjini ni yangu pia. Fundi wangu yeye anataka katapila, eti linasukuma visiki vyote kwa siku moja. Mimi naogopa litakomba udongo wa juu wote, na hapa kwetu chini kidogo tu unakutana na jabali.

Waliowahi kufanya hii kazi: nikubaliane kwa saa au kwa kisiki? Mashimo mliyajaza na kushindilia vipi, maana nataka kujenga nyumba, sitaki msingi utitie baadaye. Na visiki vyenyewe mlipeleka wapi? Wachoma matofali watavitaka kweli, au navyo nitalipia kuvipasua?